Amoksisilini haikusaidia, sasa nyumba nzima inagombana

BARUA

Assalam aleikum Dokta,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Langoni, Lamu. Nyumba yangu imegawanyika juu ya kikohozi na sijui nimsikilize nani.

Binti yangu mkubwa ana miaka 13, anasoma shule ya bweni huko Malindi. Shule zilipofungwa alirudi na homa, kichwa kinamuuma, koo linamwasha, na kikohozi kikavu kisichompa usingizi. Alisema bwenini kwao wasichana wengi wanakohoa. Nilikwenda duka la dawa nikaeleza, nikapewa amoksisilini. Alimeza siku zote 5 bila kuruka hata mara moja. Homa ilishuka kidogo ikarudi, na kikohozi kikabaki pale pale. Duka la pili waliniambia ile ya kwanza ni dhaifu, wakaniuzia ile iliyochanganywa na klavulaneti, vidonge vikubwa vya bei kubwa. Kilichoongezeka ni kuhara tu, nikamsimamisha na vidonge vingine vimebaki.

Kinachonitatiza ni kwamba mtoto hajalazwa na ugonjwa. Anatembea, anakula kidogo, anakwenda madrasa, lakini akipanda ngazi za nyumbani anasimama katikati kushika kifua.

Hapo maneno yakaanza. Jirani anasema dawa nilizouziwa ni bandia. Mavyaa anasema mwili wa mtoto umezoea amoksisilini, kwa kuwa utotoni aliimeza sana kwa ajili ya mafindofindo. Mume wangu, ambaye anafuga na kuuza mbuzi kule Hindi, upande wa bara wa Lamu, anasema dawa za kumeza zimeshindwa, sasa ni sindano. Ana mtu wa kuja kumdunga seftriaksoni hapa nyumbani.

Nikampeleka kwa tabibu. Alimsikiliza kifua, akampiga eksirei, akasema ni nimonia na pengine ni ya maikoplasma, bakteria asiye na ukuta, kwa hivyo dawa za ukoo wa penisilini hazimshiki. Akaandika azithromisini ya siku 3. Tena akataka makohozi yapimwe kifua kikuu. Mume wangu amekasirika. Anauliza dawa ya siku 3 itaondoaje kikohozi cha mwezi, na kwamba kwetu hakuna kifua kikuu, watu watasemaje tukionekana kwenye foleni ile.

Sasa mwanangu wa miaka 9 ameanza kukohoa, wiki kama tatu baada ya dada yake kurudi. Kitinda mimba wa miaka 2 naye ana mafua na kikohozi. Je, niwape vile vidonge vilivyobaki? Na ni kweli kuna bakteria asiye na ukuta, au tabibu alikuwa akinizungusha? Nimwambie nini mume wangu?

Mama wa Langoni

JIBU

Wa aleikum salaam, dada.

Kwanza la haraka: huyo mtu wa sindano asije. Binti aanze dawa aliyoandikiwa na tabibu, na makohozi ya asubuhi yapelekwe yakapimwe. Nitakupa maneno ya kumwambia mume wako, lakini mambo haya mawili yasingoje maneno.

Tabibu wako hakukuzungusha. Alikuambia jambo ambalo ningependa kila mwenye duka la dawa kutoka Lamu hadi Malindi alijue kwa moyo.

Karibu bakteria wote ambao umewahi kusikia majina yao wana ukuta unaozunguka utando wa seli. Ukuta huo umesukwa kwa kitu kiitwacho peptidoglaikani, yaani minyororo ya sukari iliyofungwa pamoja kwa viungo vifupi vya asidi amino. Kazi yake ni kubwa. Ndani ya bakteria mna vitu vingi vilivyosongamana, kwa hivyo maji yanataka kuingia muda wote, na bila ukuta angevimba akapasuka. Na kila anapokua na kugawanyika hana budi kuukata ukuta huo na kuufunga upya. Penisilini, ambayo Alexander Fleming aliigundua London mwaka 1928, hushika vimeng'enya vinavyofunga viungo hivyo. Wewe unaishi katika mji wa nyumba za mawe, utaelewa nikisema ni kama mtu aliyeharibu chokaa wakati fundi anajenga: mawe yapo, lakini hayashikani. Bakteria anaendelea kukua juu ya ukuta usioshikana mpaka anapasuka mwenyewe.

Seli zetu sisi binadamu hazina peptidoglaikani. Ndiyo maana mtu asiye na mzio huweza kumeza penisilini aliyoandikiwa na kwa kawaida isizidhuru seli zake, kwa kuwa dawa haikuti ndani yake ukuta wa kuharibu. Sasa, maikoplasma yuko hivyo hivyo. Hana peptidoglaikani hata chembe. Wanasayansi walipomaliza kusoma jenomu nzima, yaani maandishi yote ya urithi, ya Mycoplasma pneumoniae (ndilo jina kamili la maikoplasma huyu) mwaka 1996 walikuta herufi zipatazo 816,000 tu, wakati E. coli, bakteria wa kawaida wa tumboni, ana kama milioni 4.6. Na katika hizo chache hamkuwamo jeni za kujenga ukuta. Wahenga wake walikuwa nao, lakini vizazi vyake viliupoteza vilipozoea kuishi ndani ya miili ya wengine. Yeye hukaa amejishikiza kwenye seli za njia zetu za hewa, mahali ambapo chumvi na maji vimekwisha kusawazishwa na mwili wetu, na utando wake mwembamba huuimarisha kwa kolesteroli anayoichukua kwetu sisi wenyewe.

Kwa hiyo lile duka la pili lilikosea liliposema amoksisilini ni dhaifu. Dawa ilifika kifuani ikiwa na nguvu zake zote, ikakosa pa kushika. Na hapa ndipo pesa nyingi za watu zinapopotea, kwa sababu tukishindwa na dawa tunakimbilia iliyo kali zaidi ya ukoo ule ule. Klavulaneti waliyokuongezea ina kazi yake maalumu. Kuna bakteria wenye ukuta ambao hutoa kimeng'enya cha kuvunja penisilini, na klavulaneti hukizuia kimeng'enya hicho ili penisilini ifanye kazi. Maikoplasma hana haja ya kuivunja, kwa hivyo klavulaneti haina cha kuzuia. Tumbo la mtoto ndilo lililoumia, maana bakteria wema wa tumboni wana kuta, na wao dawa iliwapata.

Seftriaksoni nayo, pamoja na sindano yake na bei yake, hulenga ukuta. Ni dawa nzuri sana, imeokoa watoto wengi wenye homa ya uti wa mgongo na nimonia za bakteria wengine. Lakini kwa maikoplasma, kuipitisha kwenye sindano badala ya mdomo hakubadilishi kitu. Hata vankomisini, ambayo hospitali huitunza kwa ajili ya maambukizi mazito, hulenga ukuta huo huo, na maikoplasma haimgusi.

Azithromisini inakwenda kwingine kabisa. Kila kiumbe hai lazima atengeneze protini, na mtambo wa kuzitengeneza unaitwa ribosomu. Ribosomu za bakteria zina umbo tofauti na zetu, na azithromisini, kama nduguye erithromisini, hushika ya bakteria na kuikwamisha. Doksisaiklini nayo hukwamisha ribosomu, ila kwa upande mwingine. Maikoplasma asiye na ukuta bado ana ribosomu, na hapo ndipo anaponaswa. (Doksisaiklini si ya mama mjamzito, na kwa watoto walio chini ya miaka 8 ni ya daktari kuamua, usiinunue kwa kubahatisha.)

Maneno ya mavyaa wako nayasikia kila mahali, na nayajibu kwa heshima yake: mwili hauzoei antibayotiki. Wanaozizoea ni bakteria, na hata hilo lina namna mbili. Ipo sugu ya kupata, pale bakteria aliyekuwa akiuawa na dawa anapobadilika na kuzaa wasiouawa. Ipo na sugu ya asili. Maikoplasma alikuwa hashikiki kwa penisilini kabla Fleming hajazaliwa. Amoksisilini aliyomeza binti yako utotoni kwa mafindofindo haihusiani na kikohozi hiki. Dawa bandia zipo, jirani hakusema uongo, na ukishuku pakiti iangalie tarehe na muhuri, ukairudishe au uipeleke hospitalini. Lakini hapa hatuhitaji kumshuku mwenye duka kwa ubandia. Dawa halali kabisa ingeshindwa vile vile. Kosa ninaloliona ni kuuza antibayotiki mara mbili bila mtu kumsikiliza mtoto kifua, na hilo linaniuma, kwa sababu kisheria dawa hizi hazitakiwi kuuzwa bila cheti cha tabibu.

Sifa zote ulizoniandikia zinafanana na maikoplasma: umri wa kwenda shule, bweni lenye watoto wengi, kikohozi kikavu, kichwa na koo, na mtoto anayetembea na nimonia yake mpaka unadhani ni mafua. Na zaidi ya yote, zile wiki tatu kati yake na mdogo wake. Mafua ya kawaida yangeizunguka nyumba kwa siku chache. Maikoplasma huchukua wiki 1 hadi 4 toka mtu aambukizwe mpaka aanze kukohoa, kwa hivyo anapita nyumbani polepole, mmoja baada ya mwingine. Tabibu alisema "pengine", na hilo lisimpunguzie heshima. Bakteria huyu haonekani kwa njia ya kawaida ya kupaka rangi na kutazama kwa hadubini, kwa sababu ile rangi ya Gram, iliyovumbuliwa mwaka 1884, hutegemea ukuta. Kipimo cha kumpata kwa uhakika ni cha kutafuta jeni zake kwenye ute wa koo, na si kila maabara inacho. Aliwababaisha hata magwiji. Mtafiti Monroe Eaton alimpata mwaka 1944 kwa wagonjwa wa nimonia isiyokuwa ya kawaida, na kwa kuwa mdudu huyo alipenya kwenye vichujio vinavyozuia bakteria, watu walidhani ni kirusi. Mwaka 1962 ndipo alipooteshwa maabara na kuthibitika kuwa ni maikoplasma.

Sasa mume wako. Mimi ningemwendea kwa njia ya mbuzi, kwa sababu huko analijua jambo hili vizuri kuliko anavyodhani. Mwulize kuhusu homa ya mapafu ya mbuzi, ule ugonjwa ambao mbuzi anakohoa, anapumua kwa shida, shingo ameinyosha, na zizi zima linaweza kuisha. Anayeuleta ni maikoplasma, ndugu wa huyu wa binti yenu. Na bakteria huyo wa mbuzi alitambuliwa kwanza humu humu Kenya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1976, na chanjo yake inatengenezwa nchini. Daktari wa mifugo akiitwa kwa ugonjwa ule huchukua oksitetrasaiklini au tailosini, dawa za ribosomu. Hategemei penisilini, kwa sababu ile ile tuliyoizungumza. Mwambie: kama kwa mbuzi wako unachagua dawa kwa aina ya mdudu na si kwa ukali wa sindano, kwa nini binti yako umchagulie vingine? (Ugonjwa wa mbuzi haumpati mtu, wala dawa ya mifugo isiingie mwilini mwa mtoto, hata kama jina linafanana.)

Kuhusu siku 3: azithromisini haiondoki upesi kama amoksisilini. Inaingia ndani ya tishu na kubaki humo, na mwili huchukua karibu siku 3 kupunguza nusu tu ya kiasi chake. Kwa hivyo mtoto akimeza siku 3 dawa inaendelea kufanya kazi siku kadhaa baadaye. Asimezeshwe zaidi ya alivyoandikiwa kwa kudhani hazitoshi. Kama binti ana tatizo lolote la moyo au ini, au anatumia dawa nyingine, tabibu aambiwe kabla ya kidonge cha kwanza.

Lakini usitarajie kikohozi kinyamaze siku ya nne. Ukiona homa imekwisha ndani ya siku 2 au 3 na anapanda ngazi bila kusimama, dawa imefanya kazi. Maikoplasma hujeruhi vinyweleo vidogo vya njia za hewa vinavyosukuma makohozi nje, na hivyo huchukua wiki kadhaa kuota tena. Asali na tangawizi ya mavyaa vitamtuliza koo, mpeni. Homa isiposhuka, mrudishe. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, Japani na kisha Uchina zimekutana na maikoplasma waliobadilika ribosomu hadi azithromisini nayo haiwashiki, na huko madaktari hulazimika kugeukia dawa nyingine. Hao ndio wale wa sugu ya kupata, na wanazalishwa na kumezwa ovyo kwa dawa. Kwa hivyo nakuomba azithromisini isiwe ndiyo amoksisilini mpya ya kila mafua nyumbani kwako.

Makohozi. Najua uzito wa foleni ile katika mji ambapo kila mtu anamjua mwenzake, na simlaumu mume wako kwa kuona haya. Lakini Kenya mtu yeyote aliyekohoa wiki 2 au zaidi anatakiwa kupimwa kifua kikuu, awe tajiri au maskini, na binti yako amekohoa mwezi, ametoka bwenini, na dawa mbili zimeshindwa. Kupimwa si kushtakiwa. Bakteria wa kifua kikuu huambukiza kwa hewa, na ndani ya nyumba mna mtoto wa miaka 2, ambaye kwa umri wake kifua kikuu kinaweza kupanda hadi kichwani. Hospitali ya King Fahd iko hapo hapo Lamu, na matibabu ya kifua kikuu katika hospitali za serikali hayalipiwi. Akishindwa kutoa makohozi kwa kuwa kikohozi ni kikavu, wahudumu wana njia nyingine kwa watoto. Jambo moja nisisitize: asipewe levofloksasini wala siprofloksasini na mtu yeyote kabla ya majibu, kwa sababu dawa za ukoo huo hukigusa kifua kikuu nusu nusu, kikajificha, na kugunduliwa kikiwa kimekomaa.

Kwa mdogo wake wa miaka 9: apelekwe kwa tabibu huyo huyo, aelezwe habari za dada yake na zile wiki tatu. Watoto wengi wenye maikoplasma hupona wenyewe bila nimonia, kwa hivyo huenda asihitaji dawa. Asikilizwe kifua kwanza. Wakohoe kwenye kiwiko, waoshe mikono, wasilale kitanda kimoja kwa sasa kama nafasi ipo.

Kitinda mimba usimpe vidonge vilivyobaki. Kipimo chake si cha umri wake, na kwa watoto wadogo hivyo kikohozi chenye mafua mara nyingi ni virusi, ambavyo havina ukuta wala ribosomu vyao wenyewe, basi antibayotiki yoyote ile haiwapunguzii kitu. Utafiti mkubwa wa nimonia ya watoto walio chini ya miaka 5, uliochapishwa mwaka 2019 na ambao Kilifi ilikuwa mojawapo ya vituo vyake, uliona kwamba hata miongoni mwa waliolazwa, virusi ndivyo vilivyoongoza. Cha kufanya ni kumtazama anavyopumua. Akiwa ametulia, mpandishe nguo uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Zikifika 40 au zaidi, au ukiona chini ya mbavu panaingia ndani anapovuta hewa, au anakataa kunyonya na kunywa, au analegea na hashtuki, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali usiku huo huo, hata mume wako akiwa bado yuko Hindi.

Vidonge vilivyobaki vipeleke hospitalini siku ya makohozi wavitupe wao. Chukua na maboksi yote mawili, umwonyeshe tabibu nini kilimezwa, kwa siku ngapi, na kuhara kulianza lini. Na shule ikikaribia kufunguliwa, mpigie simu mlezi wa bweni Malindi. Huenda kuna wasichana wengine wanaokunywa amoksisilini kwa mara ya tatu sasa, na mama zao wanagombana na jirani.